Ng'ombe wa Ukutani

Kabla ya yote niseme kuhusu zile pembe, kwa sababu watu wa Muheto bado wananitania nazo nikipita sokoni. Sikuziomba. Nimetunza maktaba ya parokia miaka kumi na tisa, nimefundisha katekisimu, nimeuza chumvi na sabuni katika duka la mume wangu Katembo, na hakuna binadamu aliyewahi kunichora pembe kichwani mpaka alipokuja Yves.

Yves alikuwa kijana wa Goma, mpole, mwenye miwani na tableti aliyoibeba kifuani kama mtoto mchanga. Alitumwa na mradi mmoja wa vitabu. Alifika na pikipiki, na nyuma yake likaja lori na katoni saba za vitabu vipya. Saba! Mimi ambaye kitabu changu kipya zaidi kilikuwa kimeliwa na panya kurasa za mwanzo na za mwisho. Nilipoziona nilitaka kuzikumbatia. Kila katoni ilikuwa na orodha imebandikwa ubavuni: vitabu vya afya, vya hesabu, vya mifugo, hadithi, kamusi. Nikakimbia kuleta meza. Niliporudi nikamkuta Yves anazifunga katoni zote kwa lakiri za plastiki zenye namba, na kila lakiri anaipiga picha.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Hii njo hazina, Mama Kaswera. Hazina haifunguliwe siku ya kwanza."

Basi akanieleza. Alikuwa na neno lake la Kifaransa, ludification, ambalo alilitamka kwa heshima kama padri anapotamka Kilatini. "Muone, Mama. Muntu anacheza game mu telefone siku muzima, hachoke. Mupatie kitabu, dakika tano analala. Juu ya nini? Game inamupatia kazi ndogo, anaishinda, inamupatia pointi, inamuonyesha fasi yake iko wapi, inamufungulia mulango mumoja mumoja. Basi na bibliotheke ifanye vile vile."

Nikamwambia maktaba tayari ina mlango mmoja na huwa wazi tangu saa mbili asubuhi. Akacheka. Alidhani natania.

Kwa siku tatu alinigeuzia chumba changu. Rafu za historia zikaitwa Pori, rafu za sayansi zikaitwa Mlima. Kila msomaji akapewa kadi na kuanzia nivo ya kwanza, yaani ngazi ya kwanza. Alipewa kazi: tafuta kitabu kwa namba ya mgongoni mwake, tumia orodha ya yaliyomo kupata ukurasa, kisha eleza kwa maneno yako ulichosoma na ujibu maswali matano. Ukiweza, pointi moja. Pointi kumi, nivo ya pili. Pointi ishirini na tano, nivo ya tatu, na hapo unakutana na Bosi. Ukimshinda Bosi, katoni moja inafunguliwa kwa faida ya watu wote.

"Na huyo Bosi ni nani?" nikauliza.

Akanionyesha karatasi kubwa aliyokuwa ameichora kwa kalamu za rangi. Nilikuwa mimi, na kitambaa changu cha kijani, na pembe mbili ndefu za ng'ombe. Nilikasirika mpaka sikio likawa moto. Katembo alipoiona alicheka hadi akashika ukuta, akasema amekuwa akijua siku zote. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Kwangu mgeni alikuja, nikaota pembe.

Lakini kosa kubwa halikuwa hilo. Kosa kubwa lilikuwa jina la pointi, na kosa hilo lina mkono wangu ndani. Jioni ya tatu Yves alitazama nje, akaona mifugo inashuka kutoka malishoni, uso ukamng'aa.

"Pointi ni neno ya baridi. Hapa bantu banapenda ngombe. Kila pointi tuiite ngombe!"

Kwa kabila mimi ni Munande, si mfugaji, lakini miaka kumi na tisa si siku kumi na tisa. Najua kwamba katika vilima hivi ng'ombe si kitu cha kukaa kwenye hesabu. Ng'ombe anapewa mtu. Unampa jirani, unampa rafiki, unampa baba wa binti, na aliyempokea anakuwa wako mpaka kufa, na ng'ombe yule akizaa, ndama jike anarudi kwa aliyetoa. Mtu aliye na ng'ombe hamsini na hajawahi kumpa mtu hata mmoja, hapa Muheto watu wanamwonea huruma. Nilijua kabisa watakachofanya na pointi zinazoitwa ng'ombe. Nikanyamaza makusudi. Kwa ajili ya zile pembe.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mchezo ulifaulu. Zamani nilikuwa na wasomaji tisa, wawili kati yao wakija kukwepa mvua. Kwa wiki tatu wakawa sitini. Wanaume waliacha bidoni za maziwa mlangoni na kuingia kutafuta yaliyomo. Wanawake walishindana kupanda Mlima. Watu ambao sikuwahi kuwaona wakifungua hata bahasha wakawa wananijia na kidole kwenye ukurasa: "Mama, hii neno ni nini?" Nilifurahi, na nilichukia kufurahi kwa ajili ya Yves.

Kisha yakaanza. Papa Makuza ni mfugaji wa makamo, mtu wa ubishi, ambaye hakubali hata saa ya kanisa mpaka aitazame ya kwake. Alikuja asubuhi moja, akasimama mbele ya chati ya ukutani tulipoandika majina na idadi.

"Mama Kaswera, ngombe yangu ya kwanza haiyazala?"

"Papa Makuza, ile ni alama ya kalamu."

"Ni alama ya ngombe. Iko huku tangu wiki tatu, haizale, haikame. Unailisha nini?"

Siku iyo hiyo kijana mmoja anayeitwa Gisa akatangaza amempa baba wa mchumba wake ng'ombe watatu, na baba yule akaja kuniomba niwahamishe kwa jina lake, akiwa na mashahidi wawili. Hajasoma kitabu hata kimoja. Nikamwambia haiwezekani. Akanitazama kwa huzuni, akasema hajui Banande tunaishi namna gani bila kupeana. Nilirudi nyumbani nikamwambia Katembo kwamba nitaacha kazi. Amenisikia nikisema hivyo kila mwaka, hakuinua hata kichwa.

Hayo yote yalikuwa ya kuudhi tu. La Mukundwa lilikuwa jingine.

Mukundwa ni mama wa miaka kama thelathini na tano, anauza maziwa kwa watengeneza jibini. Alikuwa na ng'ombe watano. Wanne waliondoka na wenye bunduki mwaka juzi, akabaki na mmoja, Bihogo, ng'ombe mwekundu mwenye mkato kwenye sikio. Kwa Bihogo nyumba nzima ilikula. Jumatatu hiyo aliingia akiwa amekimbia, matope mpaka magotini, akaja moja kwa moja kwangu.

"Mama Kaswera, minaomba ile kitabu ya magonjwa ya ngombe. Papa Makuza alisoma ile liste, anasema iko mu katoni ya ine."

"Imo. Lakini katoni imefungwa."

"Basi ifunguliwe. Bihogo iko na ikibagarira. Imevimba huku chini ya sikio, homa iko juu, tangu jana haile."

Ugonjwa huo wanaujua wote, hawahitaji kitabu cha kuwaambia jina lake. Ni kupe wanauleta. Alifungua pindo la kitenge chake akanionyesha kichupa kidogo.

"Dawa niko nayo. Kipimo njo siko nayo. Ile karatasi yake haikukuwa mu karto. Papa Makuza anasema kumi, mwengine anasema makumi mbili. Viateur, jirani yangu, alichoma ya kwake sindano mwaka jana bila kujua kipimo, ikaanguka palepale. Ile kitabu iko na vipimo, si ndiyo?"

"Na daktari wa mifugo?"

"Iko Masisi-centre, na barabara unaijua. Na rezo imekufa tangu Juma ya posho."

Nilijua. Tangu Jumamosi simu yangu mwenyewe ilikuwa haina kazi ila kuangalia saa. Nikatazama katoni ya nne. Ilikuwa hatua tatu kutoka mezani pangu. Nikamwita Yves.

Yves alisikiliza yote, akavua miwani, akaifuta. Alisikitika, sitamsingizia. "Mama," aliniambia pembeni, "nikifungula leo juu ya muntu mumoja, kesho atakuya mwengine na mutoto mugonjwa, mwengine na shamba. Nivo itakuwa haina maana tena, muchezo umekufa. Na zile lakiri ziko na namba. Bakubwa ba proje balisema lakiri ikikatwa mbele ya wakati, katoni zote zinaenda Walikale. Kule bibliotheke ingine inazingoja."

Walikale! Miaka kumi na tisa nimeomba vitabu kwa padri, kwa askofu, kwa wakaguzi, kwa kila gari lenye bendera. Nikaona katoni saba zikipandishwa tena kwenye lori. Niseme wazi: nikawaza vitabu vyangu kwanza, ng'ombe wake baadaye. Nikamgeukia Mukundwa, nikasema kwa sauti ya ofisi, "Una pointi ngapi?"

"Tatu."

"Basi soma, dada. Ukifika ishirini na tano itafunguliwa."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa apande mti kwa kichwa. Lakini hakubishana. Akaweka kichupa pindoni, akaketi, akaomba kitabu chembamba kuliko vyote.

Aliacha shule darasa la tano. Anasoma kwa kidole, na midomo inatembea. Jumatatu yote na Jumanne asubuhi alikaa pale kwenye benchi, nguo zikinuka maziwa na majani, anasoma kuhusu sungura na fisi wakati Bihogo amesimama nyumbani bila kula. Kila alipomaliza alikuja kwangu, nikamuuliza maswali matano. Fisi alikuwa wapi? Kwa nini sungura alicheka? Mimi, mtu mzima, mama wa watoto, nilimuuliza Mukundwa kwa nini sungura alicheka, naye akajibu, na nikaandika ng'ombe mmoja. Jumanne mchana alikuwa na watano. Nikampigia hesabu: kwa mwendo ule angefika nivo ya tatu baada ya wiki mbili. Nikamkasirikia kwa kusoma polepole. Nikamkasirikia Yves kwa kuwa na kanuni. Nikamkasirikia yule sungura.

Jumatano, saa tatu asubuhi, Papa Makuza aliingia akiwa amevaa koti la Jumapili. Nyuma yake walikuwa watu kama kumi na tano. Akavua kofia, akasimama katikati ya chumba, akapaza sauti kama yuko harusini.

"Batu basikie. Miye Makuza niko na ngombe kumi na mbili mu hii nyumba. Ninamupatia Mukundwa tano. Ni zake, na za batoto bake."

Watu wakapiga makofi kwa utaratibu wao, pole na pamoja. Akafuata Viateur, akatoa watatu. Mama mmoja mzee ambaye alikuwa na wawili tu, akawatoa wote, akasema hana haja nao, hawana maziwa. Gisa alikuja mbio kueleza kwamba wake watatu wako kwa baba mkwe, lakini amemwomba, na baba mkwe amekubali. Hadi saa sita nilikuwa nimeandika ishirini. Mukundwa alisimama kando ya mlango, mikono kifuani, akiinamisha kichwa kwa kila mmoja kama inavyotakiwa. Tano na ishirini ni ishirini na tano. Nilifurahi na kukasirika pamoja, kwa sababu walikuwa ng'ombe wengi kuliko niliowahi kuona mtu akipewa kwa siku moja, na hakuna hata mmoja mwenye damu.

Ndipo Yves akarudi kutoka parokiani na tableti yake.

"Hapana," akasema. "Hapana, hapana. Pointi haitembee. Ya muntu ni ya muntu. Tableti haikubali."

Papa Makuza akamtazama kutoka viatuni mpaka miwani. "Njo ngombe ya namna gani haitembee?"

"Papa, ni jina tu. Ni juu ya kufurahisha bantu."

"Wewe njo ulisema ngombe. Ungesema mawe, tungezikalia. Umeleta ngombe, sisi tunajua kazi ya ngombe. Na hapa hakuna muntu anapewa ngombe mbele ya batu na kesho yake anaambiwa hakupewa."

Walibishana siku hiyo yote. Penye wengi pana mengi: mmoja akasema tableti iletwe ishuhudie, mwingine akauliza nani aliyeitunga kanuni na kama alikuwa na mifugo. Alhamisi wakaendelea. Yves alieleza kwamba mchezo usio na kanuni si mchezo. Makuza akaeleza kwamba kanuni ipo, ni ya zamani kuliko babu ya Yves. Mimi nilikuwa katikati nikigonga meza kwa rula, nikiomba kimya kwa sababu hapa ni maktaba. Alhamisi jioni Yves alichoka. Akaingiza pointi kwa mkono, moja moja, akiwa amenuna. Jina la Mukundwa likapanda juu kabisa ya chati, na watu wakashangilia.

"Basi fungua," nikasema.

"Bado Bosi," akasema Yves. "Bosi ni Siku ya tano saa nane, bantu bote bakiwa. Tableti haifungule hii hatua mbele ya pale."

Nilikuwa nimechoka hata mifupa. Nilitaka kwenda nyumbani kuvua viatu. Mukundwa alikuwa ananitazama mimi, si Yves. Nikamwambia, "Kesho si mbali."

Ijumaa saa nane chumba kilijaa mpaka madirishani. Yves alinisimamisha chini ya picha yangu yenye pembe. Mukundwa aliingia akiwa na majani kwenye nywele na macho mekundu, hakuwa amelala. Kanuni ilitaka nimuulize maswali matatu magumu, nami nilikuwa nimeyaandaa tangu wiki ya kwanza, kwa kinyongo, magumu kweli. Nikafungua karatasi. Nikamtazama. Alikuwa ameshikilia pindo la kitenge penye kichupa.

"Nimeshindwa," nikasema.

"Mama, hujauliza," Yves akaninong'oneza.

"Nimesema Bosi ameshindwa! Amekufa, amezikwa! Fungua katoni!"

Watu wakapiga kelele za furaha. Yves akapapasa mifuko yake akitafuta koleo la mradi la kukatia lakiri, akakumbuka ameliacha parokiani. Nikavuta droo ya meza yangu, nikatoa mkasi, nikakata mwenyewe. Ilikatika kama uzi.

Kitabu kilikuwa cha tatu kutoka juu. Kilikuwa kizuri, kwa Kiswahili chepesi, na picha. Nikapata ukurasa kwa kutumia yaliyomo, mbele ya watu wote, na nusu yao wakanionyesha namba ya ukurasa kabla sijaiona. Tukaondoka karibu mbio, mimi, Mukundwa, Makuza na Yves nyuma akishikilia tableti yake, tukapanda kilima mpaka nyumbani kwa Mukundwa.

Bihogo alikuwa amelala. Nilisoma kwa sauti, polepole, kama ninavyosoma somo kanisani. Pima kifua kwa kamba nyuma ya miguu ya mbele. Makuza akapima. Linganisha urefu wa kamba na uzito katika jedwali. Nikalinganisha. Kwa uzito huo, kipimo ni hiki. Si kumi, si ishirini. Wote walikuwa wamekosea. Choma kwenye msuli wa shingo. Makuza akachoma, mkono wake imara. Mukundwa alikuwa ameshika kichwa cha ng'ombe mapajani mwake, anamsemesha kwa Kinyarwanda jina lake na majina ya ng'ombe waliomzaa.

Chini ya jedwali kulikuwa na mistari miwili zaidi. Nikaisoma kimoyomoyo. Ilisema dawa hii inafaa sana siku za kwanza za homa. Mnyama akishaanza kutoa povu puani, mara nyingi muda umepita.

Nikatazama pua ya Bihogo. Povu lilikuwa limekauka na jipya likaja juu yake.

"Hii ilianza lini?" nikauliza.

"Jana asubuhi," Mukundwa akasema. "Kitabu inasema nini tena?"

"Inasema tungoje."

Ndivyo nilivyomdanganya. Nilishindwa hata kumtazama. Jumapili, wakati sisi tuko misa ya kwanza, Bihogo alikufa.

Jumatatu Yves alikuja maktabani kabla yangu. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi. Tuliingia, akaenda kwenye katoni sita zilizobaki, akazifungua zote, akapanga vitabu mezani. Nilitazama saa. Ilichukua dakika nne. Nikamuuliza, na mradi je, na Walikale je? Akasema atawaandikia kwamba yeye njo alikata, bafanye vile bataka. Amewaandikia. Ni miezi mitano sasa. Hakuna lori lililokuja, hakuna aliyeuliza habari ya lakiri hata kwa barua.

Saa nne Mukundwa aliingia. Alikuwa amekifunga kitabu ndani ya kitambaa safi. Akakiweka mbele yangu, akafungua kitambaa, akanionyesha kwamba hakina doa.

"Asante na kitabu, Mama. Kiko muzima. Viateur anakitaka, yake moja imeanza kukohoa."

"Atakipata leo. Mukundwa, dada yangu..."

"Kwanza zile ngombe," akasema. "Za batu. Minaomba uzirudishe kwa benyewe."

"Ni zako. Walikupa."

"Muntu akipokea ngombe, siku moja anarudisha ndama. Miye nitazirudishia nini? Siko hata na kamba ya kufungia. Futa."

Nikamwita Papa Makuza, aliyekuwa karibu na dirisha, amweleze. Makuza alifungua mdomo abishane, kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaufunga. Basi nikachukua kalamu, nikaenda kwenye chati. Watano kwa Makuza. Watatu kwa Viateur. Wawili kwa yule mama mzee. Nilifuta na kuandika, nikafuta na kuandika, na Mukundwa akasimama nyuma yangu akithibitisha kila jina mpaka wakaisha ishirini. Wake watano aliowasoma akaniambia niwaache.

Nilidhani amemaliza. Alikuwa anafunga tena kile kitambaa, anakikunja pembe kwa pembe.

"Mama Kaswera, Siku ya tano ulifungula ile katoni na nini?"

"Na mkasi."

"Uliutosha wapi?"

"Kwenye droo."

"Droo ya ile meza yako?"

"Ndiyo."

Akaitazama meza, kisha katoni ya nne, hatua tatu. Chumba kilikuwa na watu na wote walikuwa wamenyamaza, kitu ambacho nimekiomba kwa miaka kumi na tisa.

"Mukasi ilikuwa mule tangu lini?"

Ningeweza kusema kanuni. Ningeweza kusema mradi, tableti, Yves, Walikale. Nilikuwa nimeyapanga yote mdomoni, na yote yalikuwa kweli.

"Tangu siku zote," nikasema. "Hata Jumatatu ulipokuja, ulikuwa humo."

Akaitikia kwa kichwa pole, kama mtu aliyeonyeshwa njia. "Sawa, Mama," akasema. Akachukua bidoni yake mlangoni, akaenda kuuza maziwa ya Makuza.